Ni nani anaipimia ndege bei?



Leo sitaandika juu ya muhogo wala juu ya magonjwa ya mpunga. Nitaandika juu ya ndege. Najua wengine watacheka: agronomu wa Kasongo anatafuta nini katika mambo ya anga? Ngojeni niwaeleze kisa chenyewe kwanza, kiisha mtahukumu.

Mwaka 2023 nilikuwa nikifuatana na kikundi cha wamama katika kijiji kimoja upande wa barabara ya Kabambare. Walitaka kulima vitunguu. Vitunguu tunavyokula hapa kwetu vingi vinatoka Kivu, vinafika nusu vimeoza, na bei iko juu. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi: kutia mbegu kitaluni katikati ya mwezi wa nne, kuhamisha miche bondeni mwanzo wa mwezi wa sita mvua ikikatika, kuvuna mwezi wa tisa kabla mvua haijawa kali. Kila mama alichanga franga zake. Tukaagiza mbegu na pampu mbili za kunyunyizia dawa kutoka Bukavu. Wakati ule ndege ndogo za kampuni mbili zilikuwa zinatua kwetu. Nilichukua bei yao ya kilo, nikaiandika katika daftari, wamama wakakubali.

Mzigo ulipokuwa tayari, kampuni moja ilikuwa imekwisha kuacha kuja. Ikabaki moja. Bei ya kilo ikapanda karibu mara mbili. Na juu ya hiyo, mzigo wetu ukalala depo wiki sita, kwa sababu kila safari kulikuwa na mzigo wa mtu mwingine aliyelipa zaidi. Nilipomlalamikia ajenti kwa simu, alinijibu kwa upole kabisa: «Kaka, kama unaona ni ghali, barabara iko.» Yeye alijua, na mimi nilijua, kwamba ule mwezi barabara ilikuwa matope matupu na kamioni zilikuwa zimelala njiani.

Mbegu zikafika mwanzo wa mwezi wa sita. Tulizitia hivyo hivyo, maana pesa ilikuwa imekwisha kutoka. Miche ikahamishwa mwisho wa mwezi wa saba, na vitunguu vikaanza kukomaa mwezi wa kumi, mvua ikipiga kila siku. Wanaojua kitunguu wanajua mwisho wake: kilioza shingo, kikaoza tumbo. Wamama wakapoteza mchango wao.

Katika mkutano mwenyekiti wao hakunigombeza. Aliniuliza tu: «Mwanangu, mchele sokoni tunaupimia bei sisi na mnunuzi, tunasemezana mpaka tunapatana. Hiyo ndege, ni nani anaipimia bei?»

Sikuwa na jibu. Miaka mitano ya chuo, na lisansi mkononi, sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Ndege inalipiwa nzima, si kiti kimoja

Jambo la kwanza ni hili. Ndege ikiondoka na watu watano au na watu kumi na tisa, gharama ni karibu ileile. Keroseni inaungua ileile, rubani analipwa uleule, kodi ya kutua ni ileile, bima ni ileile. Keroseni peke yake, duniani kwa jumla, inakula robo hadi theluthi ya gharama za kampuni ya ndege. Na huku mashariki mwa Kongo, ambako mafuta yanatoka mbali kwa barabara tangu bandari za Mombasa na Dar es Salaam, ni mzigo mzito zaidi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Ile ndege ndogo tunayoiona mara nyingi, Let 410, iko na viti 19. Tuseme safari ya kwenda na kurudi inagharimu dolari 3.000. Wakipanda watu 15 kwenda na 15 kurudi, ni tiketi 30: kila mmoja atoe dolari 100, gharama inarudi. Wakipanda 8 kwenda na 8 kurudi, ni tiketi 16: kila mmoja atoe karibu dolari 188. Ndege ni ileile, njia ni ileile, bei imepanda karibu mara mbili bila mtu yeyote kuwa mwizi.

Hapa ndipo penye mtego. Sisi wote tunafikiri kampuni ya pili ikija bei itashuka. Inashuka, ndiyo, kwa miezi ya kwanza. Lakini kama njia ile iko na watu 15 tu kwa siku, na kampuni mbili zinawagawana, kila moja inaruka nusu tupu. Zote mbili zinapoteza pesa. Ile yenye mfuko mdogo inaondoka, na ile inayobaki inapandisha bei ili irudishe ilichopoteza. Ndicho kilichoonekana kwetu mwaka 2023. Mimi nilikuwa nikitafuta mkosaji, kumbe hesabu yenyewe ya njia ndogo inavuta kuelekea kampuni moja.

Kwa hiyo kubaki kwa ndege moja siyo kila mara njama. Lakini ndege ikishabaki moja, inajua iko moja, na hapo inaanza tabia nyingine.

Mama wa chumvi

Kuna mtaalamu wa uchumi wa Marekani, William Baumol, ambaye mwaka 1982 pamoja na wenzake wawili alitoa kitabu juu ya jambo hili. Wazo lake naweza kulieleza kwa mfano wa soko letu. Tuseme mama mmoja peke yake anauza chumvi sokoni. Je, atauza kwa bei anayotaka? Inategemea. Kama anajua kwamba wamama wengine wako na chumvi nyumbani, na wanaweza kuja kutandika mkeka asubuhi ya kesho bila gharama, hatathubutu. Yuko peke yake, lakini kivuli cha wengine kinamshika mkono. Kama anajua chumvi yote ya mji iko kwake na barabara imekatika, atawakamua watu.

Watu wengi waliamini kwamba soko la ndege liko kama lile soko la kwanza, kwa sababu ndege iko na mabawa: leo iko njia hii, kesho inaweza kuhamia njia ile. Marekani iliondoa udhibiti wa bei na wa njia mwaka 1978, na wengi walifikiri kwamba hata penye kampuni moja kivuli cha wengine kitatosha. Waliopima baadaye wakaona haiko hivyo kabisa. Kivuli kinasaidia kidogo, lakini kinachoshusha bei kweli ni kampuni ya pili iliyotua, inayoonekana kwa macho. Kwa sababu kuingia njia mpya siyo kutandika mkeka: unahitaji kibali, nafasi uwanjani, ajenti, depo, mafuta, na watu wanaokuamini. Na yule aliyetangulia anaweza kushusha bei siku ile ile unayoingia, akungoje ufe, kiisha airudishe juu.

Kwetu Kongo: toka moja, kwenda nyingi, kurudi chache

Sasa tuangalie historia ya nchi yetu, maana tumepitia hali zote.

Wakati wa ukoloni anga ilikuwa ya Sabena ya Ubelgiji. Mwaka 1925 Edmond Thieffry aliruka toka Brussels mpaka Léopoldville, safari iliyochukua siku 51. Baada ya uhuru, mwaka 1961, ikazaliwa Air Congo, ambayo mwaka 1971 ikageuka Air Zaïre. Hiyo ilikuwa kampuni ya serikali, mtoto mkubwa wa nyumba. Wazee wetu bado wanaihadithia kwa sifa. Lakini mtoto mkubwa asiye na mshindani alizoea kubebwa: madeni, ndege zilizochukuliwa kwa mahitaji ya wakubwa, tiketi za bure kwa watu wa cheo. Mwaka 1995 ikafilisika.

Pembeni yake na baada yake wakaja watu binafsi: Scibe Airlift ya Bemba Saolona, Shabair, kisha Hewa Bora, Wimbi Dira, CAA, na nyingine nyingi ndogo zenye Antonov za zamani. Ushindani ulikuwa mkali. Bei zilikuwa za kusemezana. Lakini mlaji aliona bei tu, hakuona umri wa ndege wala daftari la matengenezo. Kampuni iliyotengeneza ndege yake vizuri ilibeba gharama ambayo jirani yake hakuibeba, na wote waliuza tiketi kwenye foleni moja. Katika ushindani wa namna hiyo, anayeshinda mara nyingine ni yule anayeacha kubadilisha vipande.

Tulilipa kwa damu. Tarehe 15 mwezi wa nne mwaka 2008 ndege DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka Goma, ikaingia katika mtaa wa Birere. Tarehe 8 mwezi wa saba mwaka 2011 Boeing 727 ya kampuni hiyohiyo ilianguka Kisangani. Tarehe 4 mwezi wa tatu mwaka 2013 Fokker 50 ya CAA ilianguka Goma. Na tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umeweka karibu kampuni zote zenye kibali cha Kongo katika orodha ya zile zisizoruhusiwa kutua kwao.

Nasema haya kwa sababu kuna vijana wanaofikiri dawa ya kila kitu ni ushindani. Ushindani bila mkaguzi ni kama soko la nyama bila daktari wa wanyama. Nyama itakuwa rahisi, ndiyo, lakini ni nyama gani?

Kiisha likaja wimbi la kupungua na kuungana. Hewa Bora ilinyang'anywa kibali baada ya ajali ya 2011. Mwaka 2012 ikatoka Fly Congo kutoka mabaki yake, na mwaka 2013 Fly Congo ikaungana na CAA. Mwaka huo 2012 Brussels Airlines na kundi la Forrest walikuwa wameanzisha Korongo kule Lubumbashi, kwa nia ya kuleta usalama wa namna ya Ulaya. Mwaka 2015 ikafunga. Mwaka huohuo wa 2015 serikali ikarudi na Congo Airways, yenye Airbus A320 zilizonunuliwa kutoka Alitalia, kwa pesa za mashirika ya serikali. Ilianza kwa furaha, lakini miaka ya baadaye ndege zake nyingi zilikaa chini zikingoja matengenezo.

Mwisho, mwezi wa kumi na mbili mwaka 2024, jina la zamani likarudi: Air Congo. Safari hii ni ndoa. Serikali yetu iko na asilimia 51, Ethiopian Airlines iko na asilimia 49.

Mgeni mwenye asilimia 49

Ndoa hiyo tuielewe, maana siyo ya kwetu peke yetu. Ethiopian iliingia katika ASKY kule Lomé, katika Malawi Airlines kwa asilimia 49, katika Zambia Airways kwa asilimia 45. Mpango wake unafanana na wa mnunuzi mkubwa wa mchele. Mnunuzi mkubwa hawezi kuzunguka kila kijiji, anaweka depo mahali, wakusanyaji wadogo wanamletea. Addis Ababa ndiyo depo kubwa; Lomé, Lilongwe, Lusaka, Kinshasa ni sehemu za kukusanyia. Abiria wa Mbuji-Mayi anakusanywa Kinshasa, anapelekwa Addis, anatawanywa Guangzhou au Dubai.

Kuna faida. Mshirika mwenye ndege nyingi, mafundi, na shule ya marubani analeta usalama ambao sisi peke yetu tulishindwa kuujenga. Ndege ikiharibika, kuko na nyingine ya kuijazia. Lakini kuna swali ambalo ni lazima tuliulize sasa, siyo baada ya miaka kumi: kampuni yenye serikali ndani itapiga mbio na kampuni binafsi katika uwanja mmoja, na mwamuzi wa mbio hizo, yaani yule anayetoa vibali na kukagua, naye ni serikali. Mchezaji na mwamuzi wakilala nyumba moja, timu nyingine itakubali kuja kucheza?

Siyo Kongo tu inayohangaika hivyo. Marekani, ile iliyofungua soko mwaka 1978, ilianza na kampuni nyingi mno, zikafilisika, zikamezana. Delta ilichukua Northwest mwaka 2008, United ikaungana na Continental mwaka 2010, American na US Airways mwaka 2013. Leo kampuni nne zinashika karibu asilimia 80 ya safari za ndani. Mwezi wa kwanza mwaka 2024 mahakama ilikataza JetBlue kuinunua Spirit, kampuni ya tiketi za bei ya chini, ili Spirit ibaki inawabana wakubwa. Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo Spirit ikaomba kinga ya kufilisika. Mnaona ugumu? Ukiruhusu waungane, mlaji anapoteza mshindani. Ukikataza, mshindani anaweza kufa mwenyewe, na mlaji anampoteza vilevile.

Karibu zaidi na sisi, Tanzania. Mwisho wa mwaka 2012 Fastjet ilianza kuruka toka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, na tiketi zake za kwanza zilikuwa za bei ya chini sana, hata watu waliozoea basi wakapanda ndege mara ya kwanza katika maisha yao. Precision Air, iliyokuwa kubwa pale, ikasikia uzito. Tangu mwaka 2016 serikali ikaifufua Air Tanzania kwa ndege mpya. Mwisho wa mwaka 2018 Fastjet ikatoka sokoni. Kilichobaki kwa mlaji ni kumbukumbu kwamba bei ile iliwezekana, angalau kwa muda.

Na sisi wa kusini ya Maniema?

Sasa turudi nyumbani, maana mwenyekiti wa kikundi hakuniuliza juu ya Marekani.

Ndege kubwa zinaishia Kindu. Toka Kindu mpaka Kasongo ni zaidi ya kilometa 200 za barabara ambayo kila mmoja wetu anaijua kwa mgongo wake. Toka Kasongo kwenda Kabambare ni safari nyingine, na kwenda mbele mpaka Fizi ni nyingine tena. Hivyo kwetu mshindani wa kweli wa ndege siyo ndege nyingine. Ni barabara, ni gari la moshi linalopita ng'ambo ile ya Lualaba, ni pikipiki, ni baiskeli yenye mifuko mitatu ya mchele inayosukumwa na kijana mwenzetu. Barabara ikipita, ajenti wa ndege anapokea simu yako haraka. Barabara ikikatika, anakuambia «barabara iko».

Ndiyo maana kilo ya karanga kutoka Kabambare na bei ya tiketi ya ndege ni jambo moja. Mkulima wetu anauza rahisi kwa sababu mnunuzi anajua hana njia nyingine ya kutoa mzigo. Ananunua ghali sabuni, dawa, na mbegu kwa sababu mwenye ndege anajua hana njia nyingine ya kuingiza mzigo. Anabanwa mara mbili, wakati wa kuuza na wakati wa kununua, kwa sababu ileile: mlango ni mmoja.

Na milango inaweza kufungwa kwa njia zisizo za biashara. Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025 M23 waliingia Goma, na uwanja wa ndege ukafungwa. Katikati ya mwezi wa pili Bukavu na uwanja wa Kavumu vikafuata. Maniema, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikilishwa bidhaa kwa ndege toka kule, ikapoteza milango miwili kwa mwezi mmoja. Hata kama zingekuwa kampuni kumi zenye ndege kumi, bila mahali pa kuondokea hakuna ushindani. Uwanja wa ndege nao ni sehemu ya bei.

Tunaweza kuuliza nini?

Sisi tulio na lisansi tumezoea kulalamika, kiisha tunalala. Naona kuna maswali manne ambayo mtu yeyote kati yetu anaweza kuyauliza bila kuogopa, katika mkutano wa jimbo au mbele ya mbunge anapokuja kutusalimia.

La kwanza: katika bei ya tiketi au ya kilo, ni kiasi gani ni gharama ya ndege na ni kiasi gani ni kodi? Go-Pass ilianzishwa kwa dolari 10 kwa safari za ndani na dolari 50 kwa safari za nje, na pesa hiyo ilisemwa ni ya kujenga viwanja. Anayelipa ana haki ya kuuliza pisti yake imefikia wapi.

La pili: nani anazuia kampuni ya pili kuja? Kama ni uchache wa abiria, tuelewe. Kama ni kibali kinachokaa juu ya meza ya mtu, hilo ni jambo lingine.

La tatu: sheria inasema nini? Watu wengi hawajui kwamba tangu tarehe 9 mwezi wa saba mwaka 2018 nchi yetu iko na sheria namba 18/020 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Inakataza wauzaji kupatana bei kwa siri, na inakataza aliye peke yake kutumia vibaya nguvu yake. Na kwa kuwa Kongo ni mwanachama wa COMESA, kuna tume ya ushindani kule Lilongwe inayochunguza miungano ya kampuni inayogusa nchi zaidi ya moja. Kuwa peke yako siyo kosa. Kosa ni kukamua.

La nne: je, sisi wenyewe tunanunua kila mtu kivyake? Hili ndilo lililonigusa zaidi.

Mwaka 2024 tulijaribu tena. Kosa langu la mwaka 2023 lilikuwa kupeleka mzigo mdogo peke yake, mzigo usio na sauti. Safari hii tulikusanya vikundi vitatu, maduka mawili ya mjini, na watu wengine waliokuwa na vitu Bukavu. Pamoja tulikuwa na tani moja na zaidi, yaani karibu ndege nzima. Tuliandika barua moja kwa kampuni iliyobaki na moja kwa ile iliyokuwa imeondoka: mzigo uko, pesa iko, siku tunaichagua sisi, mtatuchukua kwa bei gani? Ile iliyoondoka ilijibu ndani ya siku mbili. Ile iliyobaki, iliposikia, ikajibu siku ileile. Bei haikurudi kama ya kwanza, lakini ilishuka vizuri chini ya ile ya 2023, na mzigo ulifika mwezi wa nne, kwa wakati wake. Mwezi wa tisa wamama walivuna vitunguu.

Hakuna ujanja mkubwa ndani yake. Kampuni za ndege zinaungana ili kujaza viti na kupata nguvu ya bei. Wanunuzi nao wakiungana, wanajaza ndege, na wanapata nguvu ileile upande wa pili wa meza. Ile ndege yenye watu 15 tuliyoihesabu pale juu, sisi ndio tunaoamua kama itaruka na 15 au na 8.

Mwaka 2025, milango ilipofungwa, barua zetu hazikuwa na pa kwenda. Mwenyekiti aliniita nyumbani kwake. Alikuwa na kikapu cha vitunguu vile vidogo vidogo vyekundu vinavyozaana kwa mafungu, vya bibi zake, ambavyo unapanda kitunguu chenyewe bila mbegu. Mimi shuleni nilifundishwa kwamba kitunguu kikubwa kinahitaji baridi ili kitoe maua na mbegu, kwa hiyo kwenye joto letu tutanunua mbegu zake kila mwaka, na kila mwaka tutaingojea ndege. Hivi vidogo havingoji mtu.

«Hivi bei yake tunaipima wenyewe,» aliniambia.

Tulipanda aari mbili kwa kujaribu. Havina ukubwa wa vile vya Kivu, na kwenye soko la Kasongo wateja wengine bado wanavikunjia uso. Vikundi viwili vingine vimekwisha kuomba vya kupanda. Mbegu za vitunguu vikubwa bado tunazitaka, na tunaanza kuuliza bei ya njia ya Kindu: ndege mpaka pale, kiisha pikipiki. Wenzetu mlioko Kindu, mkijua kampuni ngapi zinapokea mizigo midogo siku hizi, na kilo inatozwa kiasi gani, mtuambie. Tunahitaji bei mbili angalau kabla ya mwezi wa nne.